Nina miaka 48 na nataka kuendesha semi. Nimechelewa?

SWALI

Dada, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Kihonda, Morogoro. Nimefanya kazi kiwandani zaidi ya miaka 20, nikianzia kibarua wa kupakia na kuishia mtunza stoo. Mwaka jana kiwanda kilipunguza watu na jina langu lilikuwemo. Walinilipa kiinua mgongo na malimbikizo yangu, na baada ya kulipa ada za watoto na videni vya hapa na pale nimebaki na kama shilingi milioni 31 benki.

Tangu hapo nimehangaika. Nilifuga kuku wa kisasa, wakapukutika. Nikafungua kibanda cha vifaa vya umeme, kinaingiza hela ya mboga tu. Nikipeleka barua za maombi naambiwa nitapigiwa simu, na nikitazama wenzangu kwenye benchi la usaili ni watoto wa rika la binti yangu wa kwanza.

Sasa Dada, magari makubwa nayapenda tangu utoto. Nikisimama pale Msamvu nikaona semi inakata kona kushika njia ya Iringa, mwili unanisisimka, sisemi uongo. Leseni ninayo, daraja D, tangu 2012, kwa sababu kiwandani ndiye niliyekuwa nikiendesha pikapu ya ofisi kwenda Dar na Dodoma kufuata vipuri. Sijawahi kupata ajali. Lori lenyewe sijawahi kuliendesha barabarani, zaidi ya kulisogeza uani siku ambazo dereva hayupo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana malori mawili. Moja linaishia Tunduma, jingine linavuka mpaka Lubumbashi. Ameniambia nisipoteze muda wala hela chuoni. Nipande na dereva wake kama utingo safari chache, nitaiva, na leseni ya daraja E kuna mtu wake atakayeitengeneza bila mimi kukanyaga kwenye testi. Halafu anasema niweke milioni 25 kwenye lile lori la Tunduma, ambalo ni Scania ya zamani na tela lake, tuwe wabia. Nitaliendesha mwenyewe na faida tutagawana nusu kwa nusu. Anasema nikishazoea tutalipeleka Kongo, na safari moja ya huko inalipa kuliko mshahara wangu wa kiwandani wa miezi.

Mke wangu hataki hata kusikia, na yeye ndiye dada wa huyo shemeji! Anasema madereva wa masafa kila kituo wana nyumba, kwamba atabaki kulea watoto peke yake halafu mwisho aletewe ugonjwa. Tumefika mahali pa kula mezani bila kusemeshana. Mama yangu mzazi naye anasema lori ni kazi ya vijana, mtu wa umri wangu atafute kazi ya kukaa.

Kiafya niko vizuri, isipokuwa nina presha na natumia dawa kila siku. Mbali naona, kusoma ndiyo lazima miwani. Usingizi naupata, ingawa watoto wananicheka kwa kukoroma.

Naomba unijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimechelewa? Na shemeji nimwamini?

Mgeni wa Barabara, Morogoro


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na ya kiwandani, na pole na kuku.

Kabla sijaanza kushika kalamu hii nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya usafirishaji, kazi yangu kupanga magari na kuajiri madereva. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kama yule mama wa upande wa pili wa meza. Kuendesha hujachelewa. Ulichochelewa ni kubahatisha na hizo milioni 31, maana ukizipoteza sasa huna miaka mingine 20 ya kiwandani ya kuzirudisha. Shemeji yako amefunga mambo mawili kwenye furushi moja, kazi na biashara, na wewe umelipokea zima zima. Tulifungue.

Nianze na umri, kwa kuwa ndio unaokunyima usingizi. Sheria inaweka umri wa kuanzia. Haijasema ukigonga 48 basi. Kuna waajiri wanaoweka kikomo kwenye matangazo yao, sikufichi, lakini wengi wanachokiangalia zaidi ni uzoefu. Mimi nilipokuwa nawasaili, kijana wa miaka 24 aliyekuja na leseni mpya na miwani ya jua kichwani nilimwogopa kuliko mtu wa miaka 50. Gari lenyewe ni mali, mzigo mara nyingi ni mali kuliko gari, na vyote viwili unamkabidhi mtu mmoja akapotee navyo wiki kadhaa.

Na hapo una kitu ambacho hujakitaja kwenye barua, nadhani hukijui. Umekuwa mtunza stoo. Watu wanadhani dereva wa masafa anakwama barabarani. Anakwama kwenye karatasi. Gari likitoka bandarini na kontena, namba ya sili iliyofungwa mlangoni lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye nyaraka. Tarakimu moja ikipishana, utaambiwa usogee pembeni Tunduma, au Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, na hapo pembeni unaweza kulala mpaka nguo zikuishie. Dereva makini huinama na tochi akaisoma ile sili mwenyewe kabla hajawasha gari, anaisoma tarakimu kwa tarakimu, na ikiwa tofauti hatoki getini hata bosi apige kelele. Wewe umeshika leja, umehesabu mzigo mbele ya aliyeuleta, umekataa kusaini usichokiona. Hilo ulitaje kwenye barua yako ya maombi, tena juu kabisa, kabla ya pikapu.

Upande wa pili ni kwamba huna saa hata moja ya semi. Utaanza chini, na atakayekuelekeza huenda ana miaka 27 na atakuita "mzee" kwa sauti usiyoipenda. Wanaume wa umri wako niliowaona wakishindwa kazi hii hawakushindwa na gia. Walishindwa kuambiwa na dogo, "Shuka, umekosea, rudia." Jiulize hilo kwanza, tena ujiulize ukiwa peke yako.

Leseni sasa. Kwa bahati nzuri ile pikapu ya ofisi imekusaidia. Daraja E, ambalo ndilo la magari makubwa ya mizigo, linataka uwe umekaa na daraja D kwanza. Wewe unalo tangu 2012, kwa hiyo mlango uko wazi. Unasoma kozi ya magari makubwa ya mizigo kwenye chuo kinachotambulika, unafanya jaribio mbele ya polisi wa usalama barabarani, TRA wanakuchapia leseni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kiko Mabibo, Dar es Salaam, na VETA nao wanafundisha udereva. Popote utakapokwenda usiulize ada tu. Uliza kama gari la mafunzo lina tela au ni Fuso wanalozunguka nalo uwanjani, na uliza kila mwanafunzi anashika usukani kwa jumla ya saa ngapi. Wakianza kuzungukazunguka kwenye swali la pili, aga.

Kwa nini nakukazania tela? Kwa sababu ukirudi nyuma na pikapu, unakata usukani upande unaotaka mkia uende. Ukirudi nyuma na semi, kichwa kinakwenda huku tela linakwenda kule: ukitaka tela liende kulia unaanza kukata kushoto, kidogo tu, halafu unalifuata kabla halijajikunja. Miaka yako yote ya kuendesha itakupigia kelele kwamba unakosea. Vijana wanajifunza haraka kidogo kwa kuwa hawana mazoea ya zamani ya kufuta. Wewe utahitaji muda zaidi, na muda huo uupate kwenye uwanja wa chuo, si kwenye geti la mteja huku foleni ikikupigia honi.

Halafu kuna milima. Kitonga unaijua, umepita na basi. Watu wanaiogopa wakiwa wanapanda kwenda Iringa, kumbe kwa lori zito hatari kubwa iko kwenye kushuka. Gari la Kongo linapanda na kontena, linarudi na shaba, na shaba ni nzito. Mwenye akili anachagua gia ndogo kule juu, kabla mteremko haujaanza, anaiacha injini na breki ya eksozi zilishike gari, breki ya mguu anaigusa kwa vipindi. Asiyejua anateremka na gia kubwa kuokoa mafuta, halafu anaishi kwenye breki. Ngoma za breki zinachemka, unanusa harufu, moshi unatoka kwenye magurudumu, unakanyaga na gari halina habari na wewe. Hapo hata kurudisha gia ndogo hairudi tena, spidi imeshapita. Hili utingo anaweza kuliona safari nyingi asilielewe, kwa sababu dereva anayejua hafanyi chochote cha kuonekana. Maamuzi yake yalifanyika juu kule, wakati utingo anatafuta chaji ya simu.

Kwa hiyo ile leseni ya "mtu wake" usiiguse. Sitakuhubiria kuhusu rushwa, wewe ni mtu mzima. Fikiria tu siku umegonga mtu. Gari litakuwa la shemeji na bima itakuwa ya shemeji, lakini kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari linasimama na jina lako peke yako, na swali la kwanza litakuwa ulijifunzia wapi gari hilo. Bima ikigundua leseni haikupatikana kihalali itatafuta kila njia ya kukwepa kulipa. Mbali na hayo, kampuni yoyote yenye yadi ya maana itakufanyia testi yao wenyewe. Watakupa semi, watakuonyesha nafasi kati ya magari mawili, watakwambia irudishe pale. Karatasi haitakusaidia hapo.

Utingo si wazo baya, lakini shemeji amelitanguliza. Soma kwanza, upate daraja E, ndipo upande na dereva mzoefu, ukijua cha kutazama. Kumbuka pia kampuni nyingi siku hizi hazibebi utingo kabisa, dereva anakwenda peke yake, kwa hiyo nafasi hiyo ya kwa shemeji ina thamani ukiitumia kwa wakati wake. Nenda naye Tunduma kupitia mizani zote: Vigwaza na Mikese wewe ni jirani nazo, lakini ukae na dereva Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba. Ona anavyopanga mzigo. Jumla inaweza kuwa halali na bado ukakamatwa, kwa sababu uzito umelalia ekseli za nyuma. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwa kundi la ekseli 3 za tela, na ukomo wa gari zima la ekseli 7 ni tani 56. Mpakiaji wa bandarini hajali hayo. Atakayelala mizani ni wewe.

Sasa hizi milioni 25. Hapa, mdogo wangu, jibu langu ni hapana, na lingekuwa hapana hata kama shemeji yako ni malaika.

Semi ya ekseli 6 ina matairi 22: mawili ya mbele, manane ya nyuma ya kichwa, kumi na mawili ya tela. Kaulize bei ya tairi moja pale Msamvu, zidisha, halafu ujiulize Scania "ya zamani" itayataka lini. Ongeza bima, vibali, mafuta, gharama za mpakani, na fundi anayepigiwa simu usiku gari likiwa limelala porini. Wenye mizigo wengi hawalipi gari likishusha. Wanalipa baada ya mwezi au miwili, na wakati huo gari linatakiwa lipate mafuta ya kuondoka tena. Hiyo "nusu kwa nusu ya faida" inahesabiwa baada ya kutoa nini, na anayeandika matumizi ni nani? Na wewe dereva utalipwa mshahara, au unaendesha bure ukisubiri faida? Mtu akiwa dereva na mbia kwa pamoja, mwezi mbaya ukija anakosa vyote viwili. Kuna na hili: kadi ya gari ina jina la nani, na je, gari limewekwa rehani benki? Kabla hujajibiwa hayo kwa karatasi, hujaonyeshwa biashara, umeonyeshwa gari.

Na usisahau barabara yenyewe inabadilika. Reli ya SGR imefika Dodoma, abiria wameanza kuipanda 2024, mizigo nayo imeanza kupita humo. TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia iliyokaa miaka imechoka, inatafutiwa uhai mpya. Shaba ya Kongo siku hizi ina njia nyingine ya kutokea magharibi, bandari ya Lobito kule Angola. Madereva hawataisha, reli haifiki mlangoni kwa mtu. Ila mwenye kuteseka kwanza mzigo ukipungua ni mwenye lori moja kuukuu, dereva mzuri anahamia kwingine.

Kwa hiyo mwambie shemeji akuajiri. Tumia sehemu ndogo ya hela zako kwa ada na nauli ya chuo, zilizobaki zitoke kwenye macho ya watu, zikae mahali ambapo wewe na mama watoto mnatia saini wote wawili. Akikubali kukuajiri, mkataba uwe wa maandishi. Usione aibu kwamba ni ndugu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaka, na madereva wa nchi hii waligoma Aprili 2015, nchi nzima ikasimama, mikataba ikiwa moja ya madai yao. Mkataba useme mshahara ni kiasi gani mbali na posho ya safari, gari linapewa lita ngapi za mafuta kwa safari, na yakipungua nani anabeba. Hapo kwenye mafuta ndipo ugomvi mwingi wa dereva na tajiri unapoanzia, na mara nyingine dereva ndiye mkosaji. Yale madumu yanayouzwa kando ya barabara usiku hayakutoka mbinguni. NSSF aendeleze michango yako kwa namba yako ile ile ya kiwandani, na awe amesajiliwa kwenye mfuko wa fidia, WCF, ambao mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi kitu. Akisita kwenye haya, umeshapata jibu la swali lako la kumwamini au kutomwamini.

Na akikataa kabisa, hujafungiwa dunia. Uko Morogoro! Masika yakiisha msimu wa miwa unaanza Kilombero na Mtibwa, magari ya kusomba miwa yanatafuta watu, safari fupi, gari zito, njia mbovu. Hakuna shule nzuri kama hiyo. Kuna saruji inayotoka Dar kila siku, kuna mchele wa Dakawa, kuna makontena ya kuhamisha kutoka bandarini kwenda bandari kavu, kazi ambayo vijana wanaidharau kwa kuwa haina posho ya nje. Kaa huko mwaka au miwili, unarudi nyumbani karibu kila siku, unaandika uzoefu. Tunduma ije baadaye. Kongo ije mwisho, kwa sababu ukivuka Kasumbalesa unahamia kuendesha upande wa kulia wa barabara huku usukani wako nao uko kulia. Ukitaka kulipita gari la mbele huoni kinachokuja mpaka umeshatoa nusu ya kichwa nje. Huko si pa kujifunzia. Pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano unaweza kuzitafuta taratibu, hazina haraka.

Afya umeipitia juu juu, na mimi hapo ndipo niliposimama. Baadhi ya dawa za presha zinakojoza. Madereva wengi wenye presha wanazirusha siku ya safari ili wasisimame kila saa, kisha wanashangaa kichwa kinapasuka wakiwa Mikumi. Usianze mchezo huo. Mweleze daktari kazi unayotaka kufanya kabla hujaanza, akupangie muda wa kumeza au akubadilishie dawa, na uwe na akiba ya kutosha kwenye begi, kwa sababu foleni ya mpakani haijui tarehe ya kliniki yako. Na huko kukoroma watoto wanakokucheka, usicheke nao. Kama mkeo ameshaona unakata pumzi usingizini halafu unashtuka, au kama unalala kwa saa nane nzima na mchana bado unasinzia, huo unaweza kuwa ugonjwa, unatibika, na kwenye usukani unaua. Mwambie daktari na hilo. Macho yapimwe hasa kwa kuona usiku, taa za gari linalokuja zikiwa zimekupiga usoni. Mchana kila mtu anaona.

Mama yako anataka upate kazi ya kukaa. Mwambie hii ndiyo ya kukaa kuliko zote, ndiyo maana madereva wanaumwa migongo.

Nimemwacha mkeo mwisho kwa makusudi. Anachosema kuhusu wanawake wa njiani na magonjwa hakukizusha. Barabara hii ya Tunduma imezika watu, na familia nyingi zinalijua hilo vizuri. Usimjibu kwa kuapa. Kiapo cha mwanaume ambaye hajaondoka hakina bei. Mpe vitu anavyoweza kuvishika: kwamba mtaanza na kazi za kurudi nyumbani, kwamba mtapima wote wawili sasa na mtaendelea kupima, kwamba mshahara utaingia kwenye akaunti anayoiona na wewe njiani utakula posho. Na mkubaliane mapema ni nini kitakachokufanya uache, mfano daktari akisema presha haishikiki. Akikuona unapanga namna ya kuacha kabla hujaanza, atakusikiliza tofauti.

Lakini kuna kitu kwenye barua yako umekipita kwa alama ya mshangao. Umeandika kwamba anapinga "na yeye ndiye dada wa huyo shemeji". Umeona ajabu. Mimi sioni ajabu hata kidogo. Huyo ndiye mtu pekee nyumbani mwako aliyekua na kaka yake, anayejua alivyomaliza biashara zake zilizopita, anadaiwa na nani, na Scania hiyo aliipataje. Anaweza kuwa anakupigia kelele za wanawake wa Tunduma kwa sababu ni rahisi kusema hivyo kuliko kumwanika ndugu yake wa damu mbele ya mumewe. Yawezekana nimekosea. Ila leo usiku msiongelee lori. Muulize swali moja tu: "Ungekuwa wewe, ungemkopesha kaka yako milioni 25?" Kisha nyamaza, usimkatize, hata kama atakaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu.

Na kama ana lake analotaka kuniandikia mwenyewe, aandike. Barua yake nitaisoma kabla ya yako ya pili.